Mzio wa macho na chupa iliyotuliza mno: uchambuzi wa kisa cha mtoto mmoja

Kisa hiki ni cha mvulana wa miaka 11, mwanafunzi wa darasa la tano katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma, aliyeletwa kliniki ya macho na mama yake baada ya mwalimu kubaini kwamba haoni maandishi ya ubaoni hata akiketi dawati la mbele. Jina lake, kijiji chake na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yameachwa au kubadilishwa. Nimeamua kukieleza kwa kirefu kwa sababu ugonjwa uliomsumbua tangu utotoni, yaani mzio wa macho, kwa kawaida haupofushi; watoto wengi wanaougua huvuka balehe wakiwa na macho yanayoona vizuri. Kilichomharibia huyu jicho ni dawa, tena dawa halali, iliyonunuliwa kwa nia njema na kutumiwa kwa uaminifu kwa muda wa miaka mitatu hivi.

Historia ya ugonjwa

Kwa maelezo ya mama, macho yalianza kumwasha mtoto akiwa na miaka mitano. Alikuwa akiamka asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo nyeupe, nzito, ambazo ukizishika zinavutika na kuwa nyuzi. Mchana alitembea ameinamisha uso kwa kuogopa mwanga wa jua, na muda wote alijisugua kwa mgongo wa kiganja, hadi ngozi ya kope ikawa nyeusi na nene kuliko ngozi nyingine ya uso. Hali ilikuwa mbaya zaidi kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi, wakati ambapo Dodoma kunakuwa na upepo mkavu na vumbi jingi, lakini hakukuwa na mwezi wowote wa mwaka ambao macho yalitulia kabisa. Kabla ya hapo, akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa na ukurutu, ule ambao watu wengi huuita pumu ya ngozi, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Baadaye kifua kilikuwa kikimbana usiku nyakati za baridi, na mara mbili alivutishwa dawa ya kupanua njia ya hewa katika kituo cha afya. Baba yake mdogo ana pumu.

Historia hiyo peke yake ilitosha kumfanya mhudumu yeyote afikirie mzio, kwani ngozi, kifua, pua na macho mara nyingi huugua ndani ya mwili mmoja na ndani ya ukoo mmoja. Hata hivyo, mtoto alipopelekwa zahanati kwa mara ya kwanza alipewa tube ya tetrasaiklini ya kupaka machoni, na aliporudi akapewa nyingine. Siwezi kumlaumu aliyetoa dawa hiyo. Dodoma ni mkoa uliosumbuliwa kwa miongo mingi na trakoma, maradhi ambayo wenyeji huyaita vikope, na wilaya ya Kongwa inajulikana duniani kwa tafiti za trakoma zilizofanyika huko. Mhudumu aliyefundishwa katika mazingira hayo akimwona mtoto mwenye macho mekundu yenye tongotongo, jambo la kwanza linalomjia akilini ni vikope, na tetrasaiklini ni dawa yake mojawapo. Kasoro ilikuwa kwamba tube ya pili, ya tatu na ya nne zilitolewa bila mtu yeyote kuligeuza kope la juu na kutazama kilichokuwa chini yake.

Baada ya tetrasaiklini yalifuata matone ya kloramfenikoli, antibiotiki nyingine, na baada ya hapo familia ilichoka na foleni. Mtoto alipokuwa na miaka minane, mama alikwenda duka la dawa la mjini siku ya gulio, akaeleza kwamba mwanawe anawashwa na macho mekundu yasiyopona, akauziwa kichupa cha matone yenye deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa kali ya kuzima uvimbe na muwasho, pamoja na neomaisini, ambayo ni antibiotiki. Kwa siku mbili tu macho yalikuwa meupe. Mtoto alilala usiku kucha, akaacha kujisugua, akarudi kucheza mpira juani. Tangu siku ile kichupa hicho hakikukosekana nyumbani.

Alipofika kliniki, mama alikuwa nacho. Alikifungua kutoka kwenye pindo la kanga, kichupa kidogo cha plastiki ambacho karatasi yake ilikuwa imechakaa kwa kushikwa, na juu ya karatasi hiyo mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino "1 x 3". Haikuandikwa ni kwa siku ngapi. Mama alisema, "Daktari, hii ndiyo pekee inayomtuliza. Ikiisha nanunua nyingine, akikaa siku tatu bila hii hafai kwenda shule." Maneno hayo yalikuwa kweli kabisa, na ndiyo yaliyotupa utambuzi wa ugonjwa kabla hata ya kipimo cha kwanza.

Tulichokikuta

Jicho la kulia liliona 6/12 na la kushoto 6/60. Yaani herufi ambayo mwenye macho mazima huisoma akiwa umbali wa mita 60, kwa jicho la kushoto mtoto huyu alilazimika kuisogelea hadi mita 6. Weupe wa macho yote mawili ulikuwa na rangi ya kahawia iliyotandaa, hasa sehemu inayobaki wazi kati ya kope, alama inayoonekana mara nyingi kwa watoto wa Afrika walioishi na mzio wa macho kwa miaka. Pale weupe unapokutana na kioo cha jicho, yaani utando angavu wa mbele, palikuwa na uvimbe laini kama ute ulioganda, na ndani yake vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi. Tulipoligeuza kope la juu, ngozi ya ndani, ambayo kwa mtoto mzima huwa nyororo na ya waridi, ilikuwa imejaa vinundu vikubwa bapa vilivyobanana.

Picha hiyo ina jina katika vitabu vya tiba ya macho, vernal keratoconjunctivitis, ambalo madaktari hulifupisha kwa herufi VKC. Ni aina kali ya mzio wa macho inayowapata zaidi watoto wa kiume, huanza mara nyingi kabla ya miaka kumi, na inapatikana kwa wingi katika nchi zenye joto na ukavu, zikiwemo za Afrika. Kwa mtoto huyu, hata hivyo, VKC ilikuwa nusu ya habari. Presha ya macho, ambayo kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ilikuwa 34 kulia na 46 kushoto. Mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto ulikuwa umechimbika karibu wote, ukiwa umepauka, na wa kulia ulikuwa umeanza kuchimbika. Nyuma ya lenzi za macho yote mawili palikuwa na ukungu mdogo wa katikati, yaani mwanzo wa mtoto wa jicho wa aina inayoletwa na dawa za jamii ya steroidi. Mtoto hakuwahi kulalamika maumivu. Presha ya macho inapopanda polepole haiumi, na uwezo wa kuona huanza kupotea pembeni, mahali ambapo mtoto hana sababu ya kupatilia. Anapogundua kwamba haoni mbele, sehemu kubwa ya mshipa imekwisha kufa, nayo haioti tena.

Namna mzio unavyofanya kazi, na kwa nini dawa ile ilimpendeza kila mtu

Mzio, au aleji kama wengi wanavyouita, ni kosa la kinga ya mwili kukichukulia kitu kisicho na madhara, kwa mfano vumbi, chavua ya majani, manyoya ya wanyama au vinyesi vya utitiri wa magodoroni, kama adui wa kupigwa vita. Mara ya kwanza mwili unapokutana na kitu hicho hutengeneza askari wake maalumu, aina ya kingamwili inayoitwa IgE, ambao hujipachika juu ya seli fulani zilizotapakaa kwenye ngozi laini za macho, pua na njia ya hewa. Kitu kilekile kikirudi, seli hizo hupasua vifuko vyake na kumwaga kemikali, mashuhuri kati yake ikiwa histamini, na ndani ya dakika chache macho yanawasha, yanakuwa mekundu na kutoa machozi. Huo ndio mzio wa kawaida, unaokuja na kuondoka.

VKC inakwenda mbali zaidi. Mbali na histamini, kuna kundi la seli za kinga zinazoingia kwenye ngozi ya kope na kukaa humo kwa miezi, zikitoa sumu zinazochubua kioo cha jicho na kujenga vile vinundu. Ndiyo maana vidonge vya kuzuia histamini, kama klofenamini ambayo watu huiita piritoni, humpa mtoto usingizi darasani kuliko nafuu machoni. Ndiyo maana pia mtoto huyu hakupata ahueni ya kweli mpaka alipopewa steroidi, kwani steroidi huzima karibu kila hatua ya mchakato huo kwa pamoja. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi tunazungumza juu ya wazazi wanaotumia dawa hizi kana kwamba walidanganywa. Hawakudanganywa. Dawa ilifanya kazi iliyotarajiwa, tena kwa kasi ambayo hakuna dawa nyingine ya mzio wa macho inayoifikia, na mama anayemwona mwanawe akilala kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu ana kila sababu ya kuinunua tena.

Madhara yanatokea mahali pasipoonekana. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa muda wote na kutoka muda wote kupitia chujio dogo lililoko kwenye pembe kati ya kioo cha jicho na utando wenye rangi. Steroidi hubadilisha seli na nyuzi za chujio hilo, maji yanatoka kwa shida, presha inapanda. Haimtokei kila mtu. Katika miaka ya 1960 Bernard Becker na Mansour Armaly, waliofanya utafiti nchini Marekani, walionyesha kwamba watu wakipewa matone ya steroidi kwa wiki kadhaa, takriban theluthi moja hupandisha presha kwa kiasi cha kati, na wachache, karibu 5 katika kila 100, huipandisha sana. Watoto huwa wanaitikia kwa kasi zaidi na kwa ukali zaidi kuliko watu wazima. Hakuna anayeweza kumtazama mtoto usoni akajua yuko kundi gani. Njia ni moja tu, kupima presha kabla ya kuanza dawa na kuipima tena baada ya wiki mbili au tatu. Mtoto huyu alitumia deksamethasoni, mojawapo ya steroidi kali zaidi zinazowekwa machoni, kwa miaka mitatu bila kupimwa hata mara moja.

Mahali ambapo njia ingeweza kubadilika

Katika kisa hiki kulikuwa na nafasi nyingi za kumnusuru mtoto, na zote zilikuwa za bei nafuu. Ya kwanza ilikuwa swali moja: je, macho yanawasha? Jicho linalowasha kwa miezi, pande zote mbili, kwa mtoto mwenye ngozi au kifua cha mzio, ni jicho la mzio mpaka ithibitike vinginevyo. Vikope huleta vijipele vidogo vyeupe chini ya kope la juu na baadaye makovu yanayogeuza kope zikachoma jicho, lakini kuwashwa siyo dalili yake kuu. Macho mekundu ya virusi, kama yale yaliyosambaa Dar es Salaam na mikoa mingine mwanzoni mwa mwaka 2024, huja ghafla, hukwaruza kama mchanga, huambukiza nyumba nzima na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Maambukizi ya bakteria hutoa usaha wa njano na husikia antibiotiki. Tatizo linalodumu miaka sita kwa mtoto mmoja, huku ndugu anaolala nao kitanda kimoja wakiwa wazima, ni vigumu liwe lolote kati ya hayo matatu.

Nafasi ya pili ilikuwa kuligeuza kope. Kazi hiyo haihitaji mashine. Mhudumu aliyefundishwa huifanya kwa kidole na kijiti cha pamba katika nusu dakika, na vinundu vya VKC vikubwa kama vya mtoto huyu huonekana kwa macho matupu kwenye mwanga wa mlangoni.

Nafasi ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ilikuwa kaunta ya duka la dawa. Matone yenye steroidi ni dawa za cheti. Katika maisha ya kila siku yanauzwa kwa maelezo ya mdomo, na yanauzwa zaidi yakiwa yamechanganywa na antibiotiki, hali inayomfanya muuzaji na mnunuzi waamini kwamba ni "dawa ya macho" ya kuua vijidudu. Muuzaji aliyeandika "1 x 3" alikuwa mwangalifu kiasi cha kuandika kipimo. Angeongeza maneno mawili, "siku saba", na kumwambia mama arudi kwa mtaalamu wa macho badala ya kurudi dukani, huenda jicho la kushoto lingekuwa linasoma leo. Maoni yangu ni kwamba hakuna chupa ya steroidi ya macho inayopaswa kutoka mkononi mwa mtoa dawa bila tarehe ya kuacha kuandikwa juu yake, iwe imeandikiwa cheti au la. Na mafunzo ya watoa dawa, ambao ndio wahudumu wa kwanza wa macho kwa familia nyingi za vijijini, yawafundishe kuyatambua majina yanayoishia na "-soni" na "-soloni" kwenye maboksi ya matone.

Shule nayo iliona kabla ya hospitali. Mama alieleza kwamba kwa muda mrefu wenzake walikuwa wakimwita mvuta bangi kwa sababu ya macho yake, na kwamba alikuwa amezoea kunakili kutoka kwenye daftari la jirani. Mwalimu aliyemwandikia barua ya kwenda hospitali alifanya jambo ambalo vituo kadhaa vya tiba havikulifanya.

Matibabu

Jambo la kwanza lilikuwa kuacha deksamethasoni, na kuiacha kwa namna ambayo mzio usingelipuka upya na kumrudisha mama dukani. Mtoto alipewa matone ya olopatadini, ambayo huzuia histamini na wakati huohuo huzituliza zile seli zinazoimwaga, mara mbili kwa siku, pamoja na siklosporini ya matone, dawa inayodhibiti kinga bila kupandisha presha ya jicho. Siklosporini huunguza kidogo inapowekwa na huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake. Mama aliambiwa hivyo tangu mwanzo, kwa sababu dawa inayochelewa huachwa haraka na mtu aliyezoea dawa ya siku mbili. Haipatikani kila mahali, na bei yake huzishinda kaya nyingi. Pale inapokosekana, madaktari wa macho katika nchi nyingi hutumia mafuta ya takrolimasi yaliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, wakiyapaka ndani ya kope chini ya uangalizi wao.

Upande wa presha ulihitaji tahadhari ambayo ningependa kila mhudumu anayesoma haya aikumbuke. Dawa ya presha ya macho iliyo rahisi na inayopatikana zaidi ni timololi. Timololi ikitiwa jichoni hupita kwenye njia ya machozi hadi puani na kuingia kwenye damu, na kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa kiasi cha kuua. Baadhi ya watoto wa VKC ni walewale wenye pumu. Mtoto huyu, ambaye alikuwa amewahi kuvutishwa dawa kifuani, hakupaswa kuigusa, na ilikuwa bahati kwamba hakuna aliyempa njiani. Tulitumia dozolamidi ya matone na vidonge vya asetazolamidi kwa muda mfupi, kwa dozi ya uzito wake.

Wiki sita baadaye jicho la kulia lilikuwa limeshuka hadi 17. La kushoto liligoma kwenye 30, dalili kwamba chujio lake lilikuwa limeharibika moja kwa moja, na mtoto akafanyiwa upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji chini ya usingizi wa dawa. Presha ya jicho hilo sasa ni 14. Uwezo wake wa kuona umebaki 6/60, na hautarudi; upasuaji ulilinda kilichosalia. Jicho la kulia, kwa msaada wa miwani, linaona 6/9. Ukungu wa lenzi haujaongezeka, hivyo unaangaliwa tu. Miwani yenyewe ilifichua jambo lingine: kioo cha jicho la kulia kimeanza kuchongoka kidogo, athari inayowapata watu wanaojisugua macho kwa nguvu kwa miaka. Kumkataza mtoto kusugua bila kumwondolea muwasho ni kumwonea. Muwasho ukitibiwa, mkono unatulia wenyewe.

Kuna mtu atauliza kama basi steroidi zipigwe marufuku machoni mwa watoto. Hapana. VKC inapolipuka na kuchimba kidonda kwenye kioo cha jicho, steroidi kwa siku chache ndiyo inayookoa jicho, na kuinyima ni kosa jingine. Daktari wa macho huitoa kwa kipindi kifupi, huipunguza kwa ngazi, huchagua aina dhaifu kama fluorometholoni pale inapotosha, na hupima presha kila mtoto anaporudi. Tofauti kati ya dawa hiyo ilipotumiwa vizuri na ilipotumiwa vibaya katika kisa hiki ni tarehe ya kuacha na kipimo cha presha.

Kinga ya nyumbani

Mama aliuliza afanye nini nyumbani, na jibu lilihitaji kuendana na nyumba yenyewe: vyumba viwili, sakafu ya udongo, jiko la kuni lililopakana na chumba cha watoto. Ushauri wa vitabuni wa kuziba madirisha na kutumia mashine za kuchuja hewa haumhusu. Kilichowezekana ni kuhamishia kuni nje upande usiotazamana na upepo, kunyunyiza maji kabla ya kufagia na kumtoa mtoto chumbani wakati wa kufagia, kuanika godoro juani kila wiki na kufua mashuka na foronya kwa maji ya moto. Akirudi shule ananawa uso na kuoshwa macho kwa maji safi, kisha analazwa na kitambaa kilicholowekwa maji baridi juu ya kope kwa dakika kumi. Ubaridi hubana mishipa na kupunguza muwasho, na hauna madhara hata ukirudiwa mara kumi kwa siku. Kofia yenye ukingo mpana humkinga na jua na vumbi kwa pamoja, na tuliandika barua kwa mwalimu mkuu ili aruhusiwe kuivaa uwanjani. Maziwa ya mama, maji ya chai na majimaji ya majani, ambayo bibi yake alikuwa ameyajaribu yote, tuliomba kwa heshima yasirudiwe, kwa kuwa jicho lenye kioo kilichochubuka hupata maambukizi kwa urahisi.

Kipimo cha mzio cha kuchoma ngozi hakikufanyika. Wapo watakaoona hilo ni upungufu, lakini kwa VKC kipimo hicho mara nyingi hutoka bila kuonyesha chochote, na hata kingeonyesha utitiri na vumbi, ushauri na dawa zingekuwa zilezile. Fedha za nauli zilifaa zaidi kumrudisha mtoto kliniki.

Kurudi kliniki ndiko kunakoamua hatima ya jicho la kulia. VKC kwa kawaida huanza kufifia mtoto anapobalehe au miaka michache baada ya hapo, kwa hiyo familia hii ina kazi ya miaka kadhaa mbele yake, na dawa za kuzuia zinatakiwa ziendelee hata siku ambazo macho ni meupe, hasa kuanzia mwezi wa sita kabla upepo haujaanza. Presha itapimwa kila baada ya miezi mitatu. Zahanati ya kijijini imepewa nakala ya maelezo yake, yakiwa na onyo dhidi ya steroidi na timololi kwa herufi kubwa, kwa sababu mwenye mzio wa aina hii ataendelea kupita kwenye mikono ya wahudumu wasiomjua.

Mdogo wake wa kike, mwenye miaka sita, alikuja naye katika mahudhurio ya pili. Naye ameanza kuwashwa, na chini ya kope zake vinundu ni vidogo bado. Alipimwa presha ya macho kabla ya dawa yoyote, ikawa 14 pande zote mbili, akaanzishiwa kromoglikati, matone ya kuzuia mzio yasiyo na steroidi, mara nne kwa siku, na kwenye daftari lake la kliniki mama ameandikiwa tarehe ya kurudi pamoja na majina ya matone ambayo hatakiwi kuyanunua bila cheti cha daktari wa macho.